Upande wa Moyo

Katika mji wetu wa Jiwe Jeupe hakuna mtu anayejua kutulia. Mgeni akishuka bandarini hujiuliza watu hawa wana nini: muuza vitumbua anatikisa goti, mwalimu wa chuo anagonga kidole mezani, wazee wa barazani wanachezesha miguu utadhani wote wamebanwa na mkojo. Ni mdundo huo. Uko chini mno kwa masikio ya binadamu, lakini unaingia kwenye meno na kwenye magoti, na mwili ukishaudaka hauuachi tena. Mimi ndiye fundi wake. Nguzo zote za mji huu, ya sokoni, ya skuli, ya kila mtaa, zinadunda kwa mkono wangu, na katika wasiotulia mimi ndiye wa mwanzo. Mume wangu Shaame, ambaye kazi ya ukuta wa bahari humweka ng'ambo ya kisiwa wiki nzima, anasema kulala na mimi ni sawa na kulala na cherehani.

Asubuhi hiyo nilikuwa juu ya ngazi, nakaza skrubu kwenye nguzo ya sokoni, simu ikaita. Dokta Thuwaiba.

"Mize, njoo hospitali."

"Niko juu ya ngazi, shoga."

"Shuka."

Thuwaiba ni daktari wa watoto, na mimi na yeye tumekaa dawati moja tangu tuna meno ya utoto. Huyu ni mtu wa mzaha hata msibani. Akiacha mzaha, ujue pana jambo. Nilishuka ngazi nikaenda hivyo hivyo, na bisibisi mkononi.

Nilimkuta chumba cha watoto wachanga, amesimama mbele ya kitanda cha kioo. Ndani mlikuwa na kitoto cha jana, midomo rangi ya zambarau, kifua kinapanda na kushuka mbio mbio. Thuwaiba hakunisalimu. Alinitia vyombo vyake vya kusikilizia masikioni, akaniwekea kile kisahani juu ya kifua cha mtoto.

"Nitafutie moyo."

Nikatafuta kushoto, mahali moyo unapokaa kwa kila mja wa Mungu. Nikasikia kwa mbali, kama mtu anagonga mlango wa jirani. Thuwaiba akanishika mkono akausogeza kulia. Pale ndipo ulipokuwa, unagonga kwa nguvu zake zote.

"Ala! Kulia?"

"Kulia. Na huyu si wa kwanza, ni wa tano tangu mwezi huu uanze. Wawili wa mwanzo sikuwa na wasiwasi nao, maana wamegeuka wazima wazima. Moyo kulia, ini kushoto, kila kitu kimemfuata mwenzake. Watu wa namna hiyo wapo duniani, wanaishi, wanazeeka, wanacheza bao. Lakini hawa wengine ni vurugu tupu. Moyo umegeuka, mishipa haikugeuka nao. Huyu bandama hana kabisa."

"Ataishi?"

"Akiwahi kupasuliwa. Boti ya wagonjwa inakuja kesho." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena, akaivua tena. "Mize, unajua mtoto tumboni anajuaje huku ni kushoto na huku ni kulia?"

Nikamwambia mimi fundi wa nguzo, hayo nitayajulia wapi.

"Mwanzoni hajui," akasema. "Mimba ikiwa changa, ndogo kuliko punje ya ufuta, pande zake zote mbili ni sawa. Halafu kunatokea kishimo, na ndani ya kishimo kuna vinyweleo vidogo hivyo hata kwa darubini uvitafute. Vinazunguka." Akainua kidole akakizungusha hewani. "Vyote upande mmoja, wiri wiri wiri, vinasukuma maji ya kile kishimo yaelekee kushoto. Basi. Mkondo ule ndio unaoambia mwili: kushoto ni huku, moyo ukae huku. Vinafanya kazi hiyo siku chache tu, tena mapema, mwanamke mwenyewe pengine ndiyo kwanza anajishuku. Kisha kazi imekwisha, na kilichopangwa kimepangwa."

"Na vikishindwa kuzunguka sawasawa?"

"Hapo ni kurusha shilingi."

Aliponiambia hivyo goti langu likasimama. Mimi vinyweleo ninavijua, ndivyo vinavyonilisha. Mji wetu unaponda mawe na kuchoma chokaa kwa ajili ya ukuta wa bahari, na ile chokaa ilituingia vifuani miaka mingi. Kwenye njia ya hewa ya binadamu mna vinyweleo chungu nzima, vinainama na kuinuka kwa zamu kama shamba la mpunga upepo ukipita, vinapandisha vumbi na makohozi mpaka kooni uteme. Chokaa haikuviua. Ilivipotezea mwendo tu, kila kimoja kikawa kinapiga lake, na watu wakawa wanazama kwa makohozi yao wenyewe wamekaa kitandani. Ndipo ulipoletwa mdundo, mwaka jana. Mdundo unavitikisa vyote kwa pamoja mpaka virudi kwenye safu. Ila mdundo hauna macho. Hauwezi kujua hivi ni vya koo la mzee na hivi ni vya mimba ya mkewe jirani.

"Lakini tuna mikaja," nikasema. Nilisema haraka, kama mtu anayejitetea. "Bohari imejaa mikaja, Thuwaiba. Iliundwa kwa ajili hiyo hiyo, mwanamke akifunga tumboni mdundo haupiti. Anayekuja kliniki anapewa siku hiyo hiyo."

Thuwaiba akacheka, kicheko kibaya.

"Wanakuja kliniki lini? Hebu niambie. Wewe umezaliwa wapi, Mize?"

Nilizaliwa hapa hapa. Kwetu mimba changa haisemwi. Ina macho ya watu, ina husuda, ina midomo. Mwanamke hukaa nayo kimya kama maji mtungini mpaka tumbo lenyewe limtoe, mwezi wa nne, wa tano, hapo ndipo anakwenda kliniki kwa njia ya uani. Waliounda mikaja walikuja hapa wakatukusanya wakatueleza: mwanamke akijijua tu, aje achukue. Wanawake tuliokuwemo ukumbini tukaitikia vizuri. Nani angesimama mbele ya wanaume wale wote aseme kwamba sisi hatuji?

Na mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama pale na bisibisi yangu, siku zangu zilikuwa zimechelewa. Kidogo tu. Shaame hajui. Thuwaiba, shoga yangu wa dawati moja, daktari, yuko mbele yangu ananieleza jambo hili, na sikumwambia.

*

Mkurugenzi wetu, Bwana Haroub, alitusikiliza amekaa ukingoni mwa kiti, mguu unamcheza chini ya meza. Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ningepata pa kumalizia hasira.

"Mmeshamwambia nani?" akauliza.

"Wewe," akasema Thuwaiba.

"Isitoke hapa. Wataalamu nitawaita leo hii, watakuja na meli ya Jumatatu."

"Bwana Haroub, kuna wanawake ambao mimba zao zinapanga kushoto na kulia wiki hii," nikasema. "Ni wiki hii hii, Jumatatu siku hizo zitakuwa zimeshapita."

"Wangapi?"

"Hatujui. Hiyo ndiyo balaa yenyewe, hawasemi."

Akainuka, akaenda dirishani, akarudi. "Sikilizeni. Tukitangaza leo kwamba mdundo unawageuza watoto, hata jua halijasimama vijana washachukua mashoka. Nguzo zitaanguka. Mama yangu mdundo ukikatika asubuhi, hafiki magharibi. Baba yako je, Bi Mize? Anafika?"

Hakuhitaji kuniuliza. Baba yangu, Mzee Faki, amechoma chokaa maisha yake yote. Kabla ya mdundo alikuwa analala amekaa, amekumbatia mto, na sisi tunasikiliza kila pumzi tukijiuliza kama kuna nyingine nyuma yake. Siku ya kwanza nilipowasha nguzo ya mtaa wetu alikohoa makohozi meupe kama uji, akalala chali, akalala kweli kweli. Mimi nilikaa kizingitini nikalia kwa furaha.

"Mpaka Jumatatu," nikasema.

Thuwaiba aliniangalia kama hanijui. "Mize!"

"Mpaka Jumatatu tu, shoga. Wazee nao ni watu."

Alitoka. Na mimi nikatoka, nikapita uani kwenye bohari, ambayo funguo zake ninazo. Nikachukua mkaja mmoja. Ni kitambaa kinene, kina nyuzi ndani za kuua mtikisiko, kigumu kama mkeka mpya. Nikainua gauni nikajifunga mle mle bohari, juu ya ngozi, nikakaza, nikashusha gauni, nikavaa buibui langu.

Wallahi sijasahau nilivyojisikia. Magoti yalikuwa yanatetemeka kama kawaida, meno yanagongana kama kawaida, lakini tumbo langu likanyamaza. Katikati ya mwili wangu pakawa kimya. Nikasimama gizani kati ya marundo ya mikaja isiyovaliwa na mtu, nimeshika tumbo, nafurahi, na ile furaha ikanitia haya hapo hapo.

*

Nyumbani tunaishi watatu siku za kazi: mimi, baba, na mdogo wangu Raya, aliyeolewa juzi juzi na kijana wa kikosi kimoja na Shaame. Nyumba yao haijaezekwa, kwa hiyo yuko kwetu. Raya ni mtoto wa mwisho, amedekezwa na baba mpaka akaoza, mcheshi, mvivu wa kuosha sufuria, na mimi ndiye niliyemlea mama alipofariki.

Baba aliniona tu nikiingia.

"Mbona leo unatembea kama umemeza ubao?"

"Mgongo, baba. Ngazi zile."

"Acha kupanda ngazi. Mwanamke mzima juu ya nguzo kama komba." Akacheka, akakohoa kidogo, akatema kwenye kopo lake, akafuta mdomo. Kohozi lake lilikuwa safi na jepesi. Nikamwangalia anavyovuta hewa bila kufikiri, na nikajiambia, unaona? Kwa ajili hii.

Asubuhi nazunguka kwenye nguzo, na kila mwanamke nimpitaye namwangalia tumbo. Yule muuza mchicha, ameolewa mwaka huu. Yule karani wa posta, ana mtoto wa miaka miwili, ndiyo wakati. Nakaza skrubu, nafungua, nakaza tena ile ile. Nikimwona Thuwaiba kwa mbali nabadili njia. Boti iliondoka na yule mtoto wa midomo ya zambarau na mama yake. Baba yake, kijana mmoja anaitwa Mbwana, jirani yetu wa nyumba ya nne, alibaki gatini amesimama na kanga ya mtoto mkononi, kaisahau kumpa mkewe. Nikampita. Ningemwambia nini?

Na Raya. Raya alianza kukataa samaki. Yeye, ambaye ukimwekea changu wa kukaanga hakuachii hata mwiba. Akawa anakamulia ndimu kila kitu, analala mchana, akiamka macho mazito. Niliona. Mimi niliyemlea ningeachaje kuona? Lakini kwetu haulizwi mtu, na nikimwuliza itabidi nimwambie, na nikimwambia Raya nimewaambia Jiwe Jeupe nzima, maana ulimi wa Raya hauna komeo. Nikajiambia ni joto tu. Nikajiambia ndoa mpya inachosha. Nikajifunga mkaja wangu kila alfajiri nikaenda kazini.

Jumamosi mchana nilikuwa jikoni nakuna nazi. Raya akaja nyuma yangu, kama anavyofanya akitaka kitu, akanikumbatia kiunoni.

"Dada yangu mzuri, nikatie kipande cha n..."

Mikono yake ikasimama. Akabonyeza. Akabonyeza tena, kwa vidole, kama anayechagua embe.

"Dada, umevaa nini?"

"Mgongo, nimesema."

"Huu ni mkaja." Akanigeuza. "Ni mkaja huu, nimeuona kwa wifi yangu. Una mimba?" Uso ukamchanua, akaanza kucheka, mikono mdomoni. "Dada! Una mimba, nawe hata..." Kisha kicheko kikaondoka. Raya ni mvivu, si mjinga. "Lakini changa hivi? Wifi alivaa tumbo liko mbele huko. Nani anavaa mkaja mimba haijatokeza? Wewe umejua nini?"

Kifuu cha nazi kilinitoka mkononi. Ningeweza kumdanganya, nimemdanganya mara nyingi alipokuwa mdogo. Nikamwambia yote. Kishimo, vinyweleo, maji yanayosukumwa kushoto. Mtoto wa Mbwana. Jumatatu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, amesimama wima, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza. Mkono wa pili ulishuka wenyewe ukakaa tumboni kwake.

"Tangu lini unajua?"

"Jumanne."

"Na leo ni Jumamosi."

"Raya, sikujua kama wewe..."

"Hukujua!" Alipiga kelele mpaka baba akauliza chumbani kuna nini. "Hukujua! Umeniona sili samaki, umeniona natapika uani nikasingizia maziwa, ukaniwekea ndimu mezani! Ulikuwa unaniwekea ndimu, dada! Ukajifunga wewe mwenyewe, ukakaa na mimi tunakula sahani moja!"

"Ni kwa ajili ya baba. Nguzo wakizikata..."

"Basi ungeniletea mmoja. Mmoja tu, ukaniambia vaa, usiulize. Ningevaa. Kuna kitu gani umewahi kuniambia nifanye nikakataa?"

Alisema kweli. Hata siri ya Bwana Haroub isingevuja. Mkaja mmoja chini ya kanga, kwisha. Nilikuwa nimeogopa tu kumwuliza mdogo wangu jambo ambalo haliulizwi, nikauita woga ule kumpenda baba.

Nikainua gauni pale pale jikoni, nikaufungua mkaja, nikamfunga yeye. Hakunisaidia wala hakunizuia. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti na mimi nakaza vifungo kama ninavyokaza skrubu.

"Mkaja umechelewa sana?" akauliza.

"Sijui. Wallahi Raya, sijui."

*

Chumba cha mitambo kiko juu ya bohari. Kina ubao wa taa, taa moja kwa kila nguzo, na kipaza sauti tunachotangazia siku za vumbi kali. Nilimpigia simu Thuwaiba nikiwa njiani, nakimbia, buibui limenivuka begani.

"Nenda ukafungue bohari. Ufunguo wa akiba uko juu ya mlango."

"Mize? Jumatatu yako imefika?"

"Nitukane baadaye. Fungua."

Nikaketi mbele ya kipaza sauti. Nikainuka. Nikaketi tena. Kwenye dirisha naona soko zima, wanawake wamejaa, vikapu, watoto, na kila mguu wa kila mtu unatikisika. Nikapiga moyo konde, nikabonyeza.

"Asalaam aleikum. Ni Mize binti Faki hapa, fundi wa mdundo. Leo sitangazi vumbi." Sauti yangu ilirudi kutoka nguzo zote, kubwa, ya ajabu, kama ya mtu mwingine. "Wanawake wa Jiwe Jeupe, mimi nina mimba. Ni changa, haijatokeza, hata mume wangu hajaambiwa bado. Naisema hadharani kwa sababu mimba ikiwa changa namna hii ndipo mdundo unapoweza kuidhuru. Unaweza kuupeleka moyo wa mtoto upande usio wake. Aliyeolewa, anayejishuku, asiyejishuku, njoo bohari sasa hivi uchukue mkaja, ujifunge, usiufungue. Hutaulizwa una miezi mingapi. Hutaulizwa kitu. Vaeni nyote, na mkivaa nyote hakuna atakayejua nani anayo na nani hana."

Nikavuta pumzi. "Na nguzo msiziguse. Nawaomba. Baba yangu anaishi kwa nguzo hizo, na baba zenu. Mwanamke ana mkaja, mzee hana kitu kingine. Mkikasirika, njooni kwangu. Mimi nimejua tangu Jumanne, nikanyamaza."

Nikaachia kidole. Sokoni hakuna aliyesogea. Kisha yule muuza mchicha akafunika mboga zake kwa gunia, akajitanda vizuri, akaanza kutembea kuelekea bohari bila kumwangalia mtu. Nyuma yake akaenda karani wa posta. Nyuma yao wakaenda kumi, wakaenda wote, vibibi vya miaka sabini vikiwemo, vinasukumana, kimoja kinasema kwa sauti kubwa, "Nipisheni, na mimi najishuku!" Wanawake wakaangua kicheko njia nzima. Mimi nililia kule juu kama mtoto.

Bwana Haroub alikuja anahema, akasimama mlangoni. Aliangalia dirishani, akaangalia ubao wa taa. Taa zote zilikuwa zinawaka. "Labda," akasema polepole. "Labda nguzo zitasalimika, Inshallah."

Hapo moja ikazimika. Sikuhitaji kusoma namba yake. Ilikuwa ya mtaa wetu.

*

Nguzo ilikuwa imelala kukatisha njia, imekatwa chini, na Mbwana amekaa juu yake, shoka mapajani, kanga ya mtoto begani. Mtaa wote ulikuwa umetulia. Watu wamesimama milangoni, miguu imesimama, wanajiangalia magoti kama si yao. Mbwana aliinua uso akaniona.

"Jumanne, Bi Mize," akasema. "Boti iliondoka Jumatano. Ulinipita pale gatini."

"Nilikupita."

Nilingoja aseme zaidi, au ainuke na lile shoka. Hakuinuka. Nikaruka nguzo nikaendelea. Nguzo iliyokatwa haisimamishwi leo wala kesho. Watu wa nyumba ya msikitini walikuwa wanambeba bibi yao kwa kitanda kumpeleka mtaa wa pili, lakini baba yangu ana mwili, na ngazi za kwetu ni nyembamba, na wanaume wa kumbeba wako ukutani ng'ambo.

Nilimsikia kabla sijamwona. Ile sauti ya zamani, ya maji ndani ya kifua, ilikuwa imerudi. Na juu yake sauti nyingine: pa, pa, pa, pa.

Alikuwa ameinamishwa ukingoni mwa kitanda, kifua juu ya mto, uso umevimba. Raya amepiga magoti nyuma yake, mkaja umemkakamaa kiunoni, anampiga mgongo kwa viganja viwili alivyovikunja kama vikombe. Jasho linamtiririka. Anapiga kwa mwendo ule ule tuliouzoea, anausoma kutoka mwilini mwake. Baba akakohoa, kikatoka kitu kizito cheupe, kikadondoka kwenye kopo. Akavuta hewa kwa kelele, akavuta tena.

"Nani kakufundisha?" nikauliza.

"Mdundo ni kupiga tu. Si ndivyo unavyojigamba kila siku, kwamba ni kupiga tu kwa mpango?" Hakugeuka. "Nimemfundisha jirani yetu Bi Chumu wa nyumba ya pili ampige mumewe hivi hivi. Na wa nyumba ya kona nao. Waliokwisha kuvaa wanatoka bohari wanaingia kwa wazee. Kapige na wewe huko, hapa kuna mtu."

Baba aligeuza jicho moja akaniona. Midomo ikamchezacheza kabla ya kupata pumzi ya kusema. "Umeitangazia dunia nzima... kwamba mimi mahututi."

"Baba, usiseme."

"Na kwamba nina mjukuu." Akakohoa tena, akatema, akapumzika. "Wa nani huyo mjukuu? Wako au wa huyu mkorofi? Maana huyu naye... ananipiga na mkaja kiunoni. Mnadhani mimi sioni?"

Raya aliendelea kupiga. Nikaona mikono yake imeanza kulegea, pigo moja limechelewa, na kifua cha baba kikabubujika mara hiyo hiyo. Nikasogea, nikapiga magoti kando yake, nikavikunja viganja vyangu kama vyake, nikaingia kwenye mwendo. Kwa muda tukapiga wote wawili, mikono minne kwenye mgongo mmoja, mabega yanagusana. Nikadhani ataniachia nimwegemee. Nikasema kwa sauti ya chini, baba asisikie, "Thuwaiba atakupima, Raya. Tutaangalia pamoja."

"Nimeshamwuliza kwa simu." Alitoa mikono yake mgongoni kwa baba, akaipangusa kwenye kanga, akainuka kwa shida maana mkaja haukunjiki. "Anasema mashine haioni kitu mpaka mwezi wa nne. Nikae, ningoje. Wa kwako moyo uko kushoto, dada. Wewe ulianza Jumanne. Wangu mimi nitajua mwezi wa nne uko wapi."

"Nisamehe."

"Piga," akasema Raya. "Unachelewa. Baba anakoroma."

Akatoka kwenda kwa jirani, kuna mzee mwingine kule, na mimi nikaendelea kupiga.